Mgongo wa Friji Chumbani kwa Mama Mkwe

Juma lililopita mliniacha nimesimama koridoni, spana mkononi, machozi ya furaha yananitiririka kwa sababu mashine yangu ilikuwa imenguruma kwa mara ya kwanza na haikulipuka.

Walionitumia pongezi, ahsanteni. Sasa naomba mzichukue tena, maana furaha ile haikufika hata jioni.

Kwa wewe unayekutana nami leo, mimi ni mpishi wa keki. Za harusi, za kuzaliwa, za kuagana kazini, hata moja ya talaka niliwahi kupika na ililika yote. Nyumba yetu iko kilimani, paa ni la bati, na ina ugonjwa wa ajabu. Chumba cha mbele, ninamopambia keki, kinapigwa na jua mpaka krimu inateremka kama uji. Chumba cha nyuma hakijawahi kuonana na jua tangu kijengwe. Na humo chumba cha nyuma ndimo alimofikia mama mkwe, aliyekuja kututembelea siku chache.

Alikuwa akilala na soksi juu ya soksi, kofia ya sufu, na malalamiko.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu kila asubuhi, "mimi sisemi kitu. Lakini mkinikuta nimeganda, msije mkasema sikusema."

Mume wangu ni kinyozi. Akisikia neno la mama yake, ananitazama mimi.

Basi siku moja, nikiwa nimeegemea friji nikiwaza, nikahisi mgongo wangu unaungua. Nikageuka. Mgongo wa friji ulikuwa moto, na ndani yake maji yamekuwa mawe. Nikapata akili. Friji haitengenezi baridi, ndugu msomaji. Friji inafukuza joto tu. Inalizoa tumboni na kulimwaga mgongoni, kama mtu anayefagia uwanja wake na kusukumia taka kwa jirani.

Je, nikiliweka tumbo chumbani kwangu, na mgongo chumbani kwa mama mkwe? Keki ipate baridi, mama apate joto, na mimi nipate amani.

Mlishasoma jinsi nilivyonunua viyoyozi viwili vilivyokufa kutoka nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa, nikatoa uzima wa huyu na uzima wa yule nikapata mmoja anayepumua. Mlisoma nilivyotoboa ukuta mahali pasipostahili. Mlisoma nilivyopitisha bomba za shaba koridoni na kuzivisha sponji ya godoro kuukuu, mume wangu akauliza kama zina homa. Vyote hivyo nilifanya kwa mikono hii. Kuunga shaba kwa moto na kujaza gesi ndiko nilikomwachia mwenye kazi yake, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima unamwita Barafu.

Na mashine ikanguruma.

Mama mkwe akavua kofia. Akavua soksi. Akafungua sanduku lake, akatundika nguo zake zote kabatini, akajinyoosha kitandani.

"Mjukuu wangu huyu," akasema akiipapasa ile mashine ukutani, "ana heshima kuliko wajukuu wote."

Nikajua wageni wa siku chache wametuzidi akili. Lakini krimu yangu ilikuwa imesimama wima kama askari wa gwaride, kwa hiyo sikununa.

Mara: tak.

Kimya.

*

Siku hiyo mezani palikuwa na keki ya mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu. Juu yake nilikuwa nimemfinyanga mwenyewe kwa sukari, miwani na fimbo na kila kitu. Jua likaingia. Mwalimu mkuu akaanza kuinama. Akainama kwa adabu, kama anayesalimia wakubwa, kisha akalala kifudifudi kwenye krimu.

Nikampigia Barafu.

Barafu ni mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno. Amefiwa na mke muda mrefu, anaishi peke yake na mafriji ya watu. Aliingia, akanawa mikono kabla ya kugusa chochote, akafungua kifuniko cha mashine kule chumbani kwa mama mkwe. Kwa kuwa adabu hainiruhusu kukaa chumba cha mama mkwe bila sababu, nikabaki koridoni.

Nilisikia bisibisi. Nikasikia mama mkwe akiuliza kama fundi anakunywa chai ya sukari nyingi au kidogo. Nikasikia kicheko.

Mashine ikanguruma tena.

"Ilikuwa nini, Fundi?"

"Waya," alisema Barafu.

Ni ule waya mwembamba unaoiambia mashine chumba kimepata joto kiasi gani. Ukichomoka, mashine inakuwa kama kipofu, inaamua bora ilale.

"Umechomokaje?"

Barafu akatazama dari. "Hizi mashine ni kama watu. Zinataka kuangaliwa mara kwa mara."

Nikamuuliza gharama. Akasema chai inatosha.

Hapo, msomaji mwenye akili, ungeshashtuka. Mimi nilishukuru Mungu kwa kunipa fundi mwenye utu.

*

Haikupita muda, tak. Barafu akaja. Waya. Chai.

Tukakaa kidogo, tak. Barafu akaja. Safari hii alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali. Nawauliza, ni fundi gani wa mafriji anayevaa shati jeupe kwenda kwenye grisi? Lakini mimi nilikuwa namlilia malaika wa sukari aliyepoteza bawa, sikuona shati wala pasi.

Mume wangu naye akapata mchezo.

"Nimewaambia wateja wangu," alisema akila, "mke wangu ametengeneza mashine inayoumwa kila chai ikiiva."

"Si mashine. Ni waya."

"Aliyefunga waya nani?"

Niliufunga mimi.

Hapo ndipo paliponiuma. Keki ikiharibika, napika nyingine. Lakini mashine ile niliiota usingizini. Nilikaa juu ya kigoda nikinyoosha bomba za shaba taratibu zisijikunje, mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo, nikapiga magoti nikitafuta kipovu kimoja cha gesi inayovuja, sikukiona. Halafu mtu anayekata nywele aniambie sikujua kukaza skrubu!

"Sikiliza, Mama Keki," akasema mume wangu, na akiniita hivyo najua neno zito liko njiani. "Jumamosi una keki ya harusi. Ghorofa tatu. Shangazi wa bibi harusi nimemnyoa kijana wake, namjua, yule mama akikasirika hata kuku wanaingia ndani. Mashine ikizima tena kabla ya Jumamosi, namwita mtu wa vyuma chakavu. Aibebe yote."

"Na mama je? Atarudi kwenye baridi?"

"Mama atarudi kwake."

Upande wa pili wa ukuta, kikombe kikaanguka.

*

Asubuhi yake niliamua kuikagua mashine kama askari anavyokagua gari la magendo. Mama mkwe alikuwa ameenda kuoga. Nikaingia, nikachuchumaa mbele ya kifuniko.

Skrubu zilikuwa na mikwaruzo. Mipya. Inang'aa.

Barafu ana bisibisi nzuri, inakaa kwenye skrubu kama ufunguo kwenye kufuli. Mikwaruzo ile iliachwa na kitu kingine. Kisu cha mezani, labda. Au sarafu.

Waya wangu haukuwa unachomoka. Ulikuwa unachomolewa.

Nilikaa pale sakafuni, ndugu msomaji, nusu nalia nusu nacheka. Kumbe sikukosea kukaza! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe tulikuwa tunazivaa watatu tu ndani ya nyumba. Mimi siye. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiganda kila mashine ikizima. Nani atajichomolea joto lake mwenyewe? Akabaki mmoja. Kinyozi. Mcheshi wa wateja. Mwenye haraka ya kuita watu wa vyuma chakavu.

"Aa," nikajisemea. "Umenichimba. Ngoja nikuchimbue."

Nikaenda kwenye rafu yangu, nikachukua rangi ya keki ya bluu, ile nzito ambayo tone moja linageuza beseni zima. Nikaichanganya na mafuta ya kupikia kidogo isikauke. Nikafungua kifuniko, nikaupaka ule waya pale pale panaposhikwa na vidole. Nikafunga. Nikanawa mikono, ingawa mikono ya mpishi wa keki haitakati kamwe. Yangu ina kila rangi chini ya kucha, na siku ile bluu ndiyo iliyokuwa mbele.

Kisha nikakaa kusubiri mume wangu anilipe dharau zake.

*

Tak.

Nilikuwa chumbani kwangu, ghorofa mbili zimeshasimama, ya tatu iko mkononi. Nikaitua juu ya wenzake, sikuhangaika na mapambo. Nilitoka mbio mpaka saluni yake, ambayo iko kona ya pili tu kutoka kwetu.

"Lete mikono!"

Mume wangu alikuwa ameshika kichwa cha mteja. Akanipa mikono. Nikaigeuza mbele na nyuma. Povu la kunyolea, nywele, na poda. Bluu hakuna hata ya kusingizia.

"Unatafuta nini?"

"Hakuna."

"Mashine imezima?"

"Haijazima," nikadanganya, nikaondoka.

Nyuma yangu nilimsikia mteja mmoja akikohoa, na mwingine akisema, "Bosi, ile pikipiki ya Barafu siku hizi ndiyo inalala kwenu?" Watu wakacheka kile kicheko cha chini kwa chini. Sikukitilia maanani. Laiti ningekitilia.

Nilipofika nyumbani, pikipiki ilikuwa mlangoni kweli. Sikuwa nimempigia simu.

Barafu alikuwa anatoka chumbani kwa mama mkwe, kikombe mkononi, shati jeupe kama kawaida. Akanisalimia kwa kuinamisha kichwa, akanipita kwenda chumba cha keki kuangalia kama tumbo la mashine linapoa sawasawa.

Alipogeuka, nikaiona kola yake. Kwa nyuma. Vidole vinne vya bluu, vimepangana vizuri, vidogo vidogo, kama vya mtu aliyemwekea mwenzake kola sawa huku akichukua muda wake.

Mtu hawezi kujishika hivyo kisogoni. Hata akiwa fundi.

*

Niligonga mlango wa mama mkwe.

Chumba kilikuwa na joto la kuangulia vifaranga. Mama alikuwa amekaa kitandani, gauni jepesi, nywele zimesukwa upya, na mikononi amevaa glavu za sufu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona unahema?"

"Naomba nione mkono wako."

"Upi?"

"Wowote tu, Mama."

"Mkono wa mama mkwe unabusiwa. Haukaguliwi."

"Mama, glavu? Humu? Mimi nimeingia sasa hivi na jasho linanitoka."

"Baridi yangu iko ndani ya mifupa."

Nikakaa karibu naye. Nikapunguza sauti. "Fundi ana vidole vya bluu kwenye kola."

Mama mkwe akafumba macho. Kisha akavuta glavu. Kidole cha kwanza bluu, cha pili bluu, mpaka chote kikawa kiganja cha mtu aliyetoka kupiga kura. Na kwa kweli, kuchagua alikuwa ameshachagua.

"Hii rangi haitoki," akasema kwa uchungu. "Nimeisugua na sabuni, na jivu, na dawa ya meno. Wewe mtoto una roho mbaya."

"Mimi? Mama, umenilazia mwalimu mkuu kifudifudi! Umemkata malaika bawa!"

"Malaika atapata jingine. Mimi nitapata wapi fundi mwingine?"

Tukatazamana. Nikajizuia. Yeye akajizuia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na yangu yakafuata, tukacheka tumeziba midomo na mto mmoja, kama wasichana wa bweni.

"Kwa hiyo ulikuwa unakaa humu ukitetemeka, kusudi tu aje?"

"Na nilivyokuwa nikitetemeka! Lakini nikisikia ile pikipiki inapanda kilima, mwanangu, hata mashine yako haifui dafu."

"Barafu anajua?"

"Yule? Maskini, hajui kitu. Anadhani ni waya mbovu. Mwanaume mpole sana, hana mawazo ya ujanja."

Kisha akaacha kucheka.

"Mume wako asijue."

"Kwa nini, Mama? Wewe ni mjane, yeye amefiwa. Kosa liko wapi?"

Akazikunja glavu magotini. "Siku tuliyomzika baba yake, alisimama mbele ya watu, bado ndevu hazijaota, akasema hakuna mwanamume atakayekalia kiti cha baba yake maadamu yeye yu hai. Watu wakampigia makofi. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nami nikanyamaza, kwa sababu alikuwa analia. Sasa nimenyamaza mpaka nimezeeka."

Nilimshika mkono wa bluu.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wangu, siku yangu. Sitaki asikie kwako, sitaki asikie kwa mtaa. Niapie."

"Naapa."

"Apia kitu unachokipenda."

"Naapia keki ya Jumamosi. Nikisema neno kabla yako, iporomoke ghorofa zote tatu."

"Na mimi naapa sitaugusa waya tena."

"Utamuonaje sasa?"

Akatabasamu, akavaa glavu yake. "Bomba la jikoni halivuji?"

*

Nilirudi chumba cha keki nikiwa mwepesi kama unga. Barafu alikuwa ameweka kiganja mbele ya upepo wa baridi, kikombe mkono wa pili.

"Fundi. Huu waya unachomokaje?"

Akanywa chai. "Mikono."

"Ya nani?"

"Mizuri."

Nikamkodolea macho. "Ulijua!"

"Siku ya kwanza. Mashine haijui kufungua skrubu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeweka kufuli."

"Mama anadhani hujui kitu."

"Muache adhani," alisema Barafu, na uso ule wa chuma ukalainika. "Anafurahi sana akidhani."

Jamani! Mmoja anachomoa kwa siri, mwingine anachomeka kwa siri, na katikati mimi na krimu yangu. Ningekuwa mtu mwema ningewakasirikia. Nilitamani kuwapikia keki.

Lakini kwanza kulikuwa na ile kola.

"Fundi, una alama shingoni. Huwezi kupita barabarani hivyo. Mtaa utasoma mpaka nukta."

Akajaribu kujitazama kisogo, akazunguka mara mbili kama paka anayetafuta mkia.

"Vua, nikufulie hapo tu. Haraka."

Akavua. Nikachukua sabuni na ndimu, nikasugua. Ile rangi, badala ya kutoka, ikafurahi. Ikachanua. Vidole bado vilionekana, na sasa vilikuwa na kivuli.

Chumba changu wakati huo kilikuwa na baridi ya kutunza nyama. Barafu amebaki na fulana tu, na jina lake halikumsaidia kitu. Meno yakaanza kugonga. Nikaona huruma. Nikavua sweta yangu, nikamtupia mabegani. Ile ya waridi, yenye vifungo vya maua.

Mlango ukafunguliwa.

Mume wangu alikuwa amesimama kizingitini na aproni ya kinyozi, mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma yake, barabarani, niliona mteja amejifunika taulo, nusu ya kichwa imenyolewa, amekuja kujionea.

"Wameniambia," mume wangu alisema polepole, "kwamba pikipiki ya Barafu imeota mizizi mlangoni kwangu. Nikawaambia, lisemwalo lipo kwa wengine, si kwangu. Nikawaambia mke wangu ana mashine mbovu."

Akamtazama Barafu na sweta yangu. Akaitazama fulana. Akalitazama shati mikononi mwangu, na kola iliyokuwa imegeukia kwake kama kitabu kilichofunguliwa.

"Vidole vinne," akasema.

"Mume wangu, ngoja."

"Nionyeshe mkono wako."

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa bluu mpaka kwenye kifundo.

Nikafungua mdomo nimweleze. Jicho likaniangukia mezani, kwenye keki ya Jumamosi, ghorofa zake tatu zimesimama nyeupe, zinanisikiliza. Nikaufunga.

"Sema."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Nimeapa."

Nakubali, sikuchagua neno vizuri.

Mume wangu akavuta pumzi kwa pua. Na hapo Barafu, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kusema sentensi mbili zikafuatana, akachagua siku ile, saa ile, na sweta ile, kutoa hotuba.

"Bwana mkubwa," alisema, akaviweka vizuri vifungo vya maua, "usimlaumu mama huyu. Kosa ni langu. Mimi ni mtu mzima, sitaki kujificha tena. Nampenda mwanamke wa nyumba hii. Nimekuja kwa heshima kusema nataka kumwoa."

"Kumwoa!" Sauti ya mume wangu ilipanda mpaka ikakatika. "Ana mume!"

"Alikuwa naye," Barafu alisema kwa upole, akainamisha kichwa. "Mungu amrehemu."

Mume wangu akarudi nyuma hatua nzima. Nilimuona akijigusa kifua kuhakikisha bado yupo.

Huko barabarani yule mteja wa nusu kichwa akasema, "Lahaula!"

"Fundi, nyamaza!" nikapiga kelele. "Mama! Mama, njoo! Njoo sasa hivi, tafadhali!"

Kupitia mlango wa ndani uliokuwa wazi, nilisikia kandambili chumbani kwake, ng'ambo ya korido. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, na joto likatoka likanigusa miguu. Kwenye ule upenyo likatokea jicho moja. Likamuona mwanawe na mashine ya kunyolea imeinuliwa. Likamuona Barafu amevaa waridi. Likaniona mimi na shati.

Nikamtazama kwa macho yote niliyonayo. Huu ndio wakati wako, Mama. Siku yako ndiyo hii.

Jicho likapepesa.

Mlango ukafungwa. Kisha nikasikia komeo, polepole, likiingia mpaka mwisho.

Mama mkwe alikuwa amejifungia ndani, na joto lote la nyumba amejifungia nalo.

Mume wangu aliutazama ule mlango. Halafu akanigeukia.

"Unaona?" akasema. "Hata mama yangu ameshindwa kukutazama usoni."

Nikaitazama keki. Nikautazama mlango. Nikafungua mdomo.